Kutengua Badiliko Moja la Muundo wa Hifadhidata: Kielelezo cha Rejesta ya Vituo vya Njombe na Makambako

Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa, mwaka uleule ilipoanzishwa mikoa ya Geita, Katavi na Simiyu. Kwa hifadhidata yoyote iliyokuwa na neno "Iringa" katika rekodi za Makambako, Makete au Ludewa, tukio hilo lilidai mabadiliko ya muundo na ya data kwa wakati mmoja. Makala haya yanalitumia kama kielelezo cha swali la kiufundi: je, badiliko moja kati ya mengi yaliyokwisha kutekelezwa linaweza kutenguliwa peke yake bila kuharibu kilichojengwa juu yake? Rejesta ya vituo vya afya inayoelezwa hapa ni ya kubuni. Mipaka ya kiutawala ni halisi.

Viunzi vya wavuti kama Laravel, Django na Rails huhifadhi kila badiliko katika faili lake, ambalo watengenezaji programu huliita migresheni. Faili hilo kwa kawaida huwa na pande mbili: maelekezo ya kwenda mbele na maelekezo ya kurudi nyuma. Kiunzi nacho hutunza daftari la faili zilizokwisha kutekelezwa, ndani ya hifadhidata yenyewe: Laravel katika jedwali la migrations, Django katika django_migrations, Rails katika schema_migrations. Daftari hilo linajua faili gani limepita. Halijui lolote kuhusu rekodi zilizoingizwa tangu lipite, na hapo ndipo hatari nyingi zinapoanzia.

Tuchukue mabadiliko matatu yanayofuatana. La kwanza linaunda jedwali la mikoa na kuongeza safuwima ya mkoa_id katika jedwali la vituo. La pili linajaza safuwima hiyo na kuvihamisha vituo vya Njombe kutoka Iringa. La tatu linafuta safuwima ya zamani iliyokuwa na jina la mkoa kwa maandishi.

Viunzi hivi havifanani katika namna vinavyoruhusu kutengua. Django hairuhusu kuchomoa badiliko la katikati: ukiiagiza irudi hadi faili fulani, hutengua yote yaliyofuata, pamoja na ya programu nyingine yanayoyategemea. Badiliko la data lisilo na upande wa kurudi hukataa kabisa kutenguliwa. Rails ina amri ya db:migrate:down inayotaja toleo moja na kulitengua hilo tu, bila kuuliza ni nini kinalitegemea. Katika mfano wetu, kulitengua badiliko la kwanza huku la tatu likiwa limebaki kungeiondoa mkoa_id na kuviacha vituo vyote bila mkoa, kwa kuwa maandishi ya zamani yalikwisha kufutwa. Katika Laravel, migrate:rollback hurudisha kundi zima lililotekelezwa mwisho. Chaguo la --step huhesabu kutoka mwisho, na chaguo la --path huchuja faili ndani ya yale ambayo tayari yamechaguliwa kurudishwa. Kwa hiyo, anayetaja njia ya faili la kundi la zamani bila kuongeza hatua za kutosha hatatengua chochote, na anaweza kuondoka akidhani kazi imekwisha.

Hata amri ikifanya kazi ilivyokusudiwa, kurudi kwa muundo si kurudi kwa data. Kutengua badiliko la tatu kutairejesha safuwima ikiwa tupu. Badiliko la pili lina tatizo gumu zaidi. Mwandishi wake huenda aliandika upande wa kurudi kwa sentensi moja: kila kituo cha Njombe kiandikwe Iringa. Sentensi hiyo ilikuwa sahihi siku ile badiliko lilipopita. Lakini kituo kilichosajiliwa Makambako mwaka 2014 hakikuwahi kuwa cha Iringa, na sasa kitaandikwa mkoa ambao hakijapata kuwamo. Badiliko likirudiwa kwenda mbele kwa kutumia orodha ya namba za vituo iliyoandaliwa 2012, kituo hicho hakitakuwamo katika orodha na kitabaki Iringa.

Makambako ni mfano mzuri kwa sababu kosa lake halionekani. Mji huo uko pale barabara ya Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, una stesheni ya TAZARA, na unapakana na upande wa Mufindi, ambayo imebaki Iringa. Msomaji wa ripoti akikuta "Makambako, Iringa" hashtuki. Nyaraka za kabla ya 2012 zinasema hivyohivyo. Dawa au watumishi wakigawanywa kwa hesabu ya mkoa, kituo kitahesabiwa kwingine na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Kinga yake ni kwamba badiliko la data lihifadhi, katika jedwali la pembeni, namba ya kila rekodi liliyoigusa na thamani yake ya awali. Upande wa kurudi usome jedwali hilo na kuzirudisha rekodi hizo tu. Aidha, safuwima ya zamani isifutwe katika toleo lilelile linaloleta mpya.

Aina ya hifadhidata nayo ina uzito. PostgreSQL huweza kuzifunga amri za muundo katika muamala mmoja, hivyo umeme ukikatika katikati hakuna kilichobadilika. MySQL hukamilisha kila amri ya muundo papo hapo. Utenguzi ulioishia njiani huacha nusu ya kazi, huku daftari likionesha kwamba faili bado limetekelezwa. Kufuta mstari wa daftari kwa mkono ili kulinganisha mambo ni tiba mbaya kuliko ugonjwa.

Kwa seva inayotumiwa na watu, msimamo wa makala haya ni kwamba utenguzi uwe chaguo la mwisho. Kuandika faili jipya linalorekebisha kasoro kwa kwenda mbele huacha historia inayosomeka. Pale utenguzi unapolazimika, ujaribiwe kwenye nakala ya data, kwa kuwa juu ya hifadhidata tupu karibu kila utenguzi hufaulu. Nakala hiyo iwe na angalau rekodi tatu: kituo cha Makambako cha kabla ya 2012, kituo cha Makambako kilichosajiliwa baadaye, na kituo cha Mufindi. Badiliko lipelekwe mbele, lirudishwe, lipelekwe mbele tena, na mkoa wa kila kimoja usomwe baada ya kila hatua.