Tiba Shufaa: Mgonjwa Asiachwe Peke Yake

Mtu akianza kuugua, nyumba yake hujaa wageni. Miezi ikipita, wageni hupungua, na mwishowe hubaki mgonjwa na mtu mmoja anayemuuguza. Si kwamba majirani wana roho mbaya. Wengi hawajui la kusema, na wengine huogopa kuambukizwa. Saratani haiambukizwi kwa kumshika mgonjwa mkono wala kula naye.

Upweke huo ni sehemu ya mateso ambayo tiba shufaa inakusudia kupunguza. Hii ni huduma kwa watu wenye maradhi mazito, kama vile saratani au figo kushindwa kufanya kazi, pamoja na familia zao. Si ya wanaokaribia kufa pekee. Inaweza kuanza mara ugonjwa unapotambuliwa na kuendelea sambamba na matibabu mengine.

Daktari Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa huumia mwili, akili, roho na katika uhusiano wake na watu. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Dawa kama mofini ya maji hutuliza maumivu ya mwili, lakini haiondoi upweke. Hapo ndipo jamii inapohitajika.

Mambo ambayo jirani anaweza kufanya:

• Kumtembelea mgonjwa mara kwa mara, kwa muda mfupi, baada ya kuuliza kama yuko tayari kupokea wageni.
• Kuketi naye hata kama hakuna mazungumzo.
• Kumpokea anayemuuguza kwa saa chache, ili alale, aende sokoni au kwenye ibada.
• Kuendelea kumwomba mgonjwa ushauri kuhusu mambo ya nyumbani na ya kijiji.
• Kupanga zamu kupitia chama, kanisa au msikiti.

Maumivu yakizidi, familia imjulishe mhudumu wa afya ya jamii anayehudumia eneo lao au ifike katika kituo cha afya kilicho karibu ili mgonjwa aelekezwe kwa wataalamu.

Mtu anapofariki, wakazi huunda kamati, huchanga na hukesha matangani. Ushirikiano huo ukianza mapema, mgonjwa mwenyewe atauona angali hai.