Ghala limejaa, mtoto amedumaa: Kilichobaki na ukoloni kwenye bakuli la uji

Iringa ni kati ya mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30.

Ukoloni ukitajwa hapa Mgololo na kwingine Mufindi, mazungumzo huishia kwa Mtwa Mkwawa, Kalenga na fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Mimi ningeanza na sufuria ya uji.

Mwaka 1898, mwaka aliofariki Mkwawa, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao. Baadaye ilitakiwa kulipwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa mzungu. Chini ya Waingereza, wanaume wa nyanda hizi walisafirishwa hadi mashamba ya mkonge Tanga, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Mashamba ya walowezi, yakiwemo ya chai Mufindi, nayo yalihitaji mikono. Nyumbani mama alibaki na jembe, kuni, maji na watoto, peke yake.

Mfanyakazi alipewa posho: unga wa mahindi, maharage, chumvi. Kilikuwa chakula cha kumwezesha mtu mzima abebe mzigo, hakikupimwa kwa mtoto wa miezi minane. Mahindi meupe yalipata soko, ulezi na mtama vikasogezwa pembeni, na sembe iliyokobolewa ikawa dalili ya maendeleo. (Mpaka leo kuna nyumba ambako mgeni akipikiwa dona mwenyeji huomba radhi.)

Si haki kuwabebesha wakoloni kila kitu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza uzalishaji mwaka 1985, nchi ikiwa huru miaka mingi. Ila mpangilio ni uleule: ardhi kubwa kwa miti na chai, mama anatoka alfajiri kwenda kibaruani, mtoto anaachwa na dada yake na chupa ya uji mweupe.

Ukoboaji huondoa kiini na pumba, na humo ndimo yaliko mafuta, vitamini B na sehemu kubwa ya madini ya chuma na zinki. Mtoto akishiba uji huo mtupu, tumbo limejaa ila mwili haujapata cha kujengea. Kuanzia miezi sita, changanya unga wa ulezi au dona, ongeza dagaa waliosagwa, yai, maharage au parachichi, ambalo huku limejaa na wengi tunaliuza lote. Akifika miezi tisa apate milo mitatu hadi minne, pamoja na kunyonya. Kwa dona, hakikisha mahindi yamekauka vizuri, kwani yaliyovunda hubeba sumukuvu.

Kuhusu muda, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo. Wengi hawajawahi kuambiwa. Baba unayefanya kazi sehemu moja na mkeo, mwulizeni msimamizi pamoja, kabla likizo haijaisha.