Kabla ya Kununua Rejeta Kubwa, Pima Mfuniko

Mwenye pikapu ambaye injini yake imeongezwa nguvu, iwe Hilux, D-Max au Ranger, akilalamika Eldoret kwamba gari linapata joto, ushauri atakaopewa mara nyingi unajulikana: nunua rejeta nene ya alumini, toa themostati, funga feni ya umeme. Ni ushauri wa nia njema, ila unaanzia mwisho. Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hatari ya kwanza si udogo wa rejeta. Hatari ni maji kuchemka mapema. Ndiyo maana nashikilia kwamba pesa ya kwanza iende kwenye mfuniko wa rejeta, kulanti na njia ya hewa, na kwamba rejeta kubwa inunuliwe tu na yule ambaye vipimo vimemthibitishia kuwa anaihitaji.

Anayepika Eldoret anajua maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko Mombasa. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo maji ya sufuria yasiyofunikwa kwa nguvu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Sasa tazama injini ya dizeli: themostati yake huanza kufunguka nyuzi themanini na kitu, na mlimani ikiwa na mzigo maji hufika 95 au zaidi bila kasoro yoyote. Maana yake ni kwamba kama mfumo haushikilii mgandamizo, maji ya Eldoret yanaweza kuchemka kwenye joto ambalo injini nzima ya pwani ingelivumilia. Kazi ya kuzuia hilo ni ya mfuniko. Mifuniko mingi ya Toyota imeandikwa 108 kPa au 1.1, na mfuniko wa namna hiyo ukiwa mzima huinua kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 118 hapa Eldoret, na kama 122 pwani. Springi yake ikilegea au mpira wake ukikatika, zile nyuzi 25 za usalama huyeyuka zote, na hakuna rejeta ya bei yoyote inayoweza kuzirudisha. Fundi mwenye pampu ya kupimia mgandamizo anaweza kuujaribu mfuniko kwa dakika chache. Wapo watakaopendekeza mfuniko wenye mgandamizo mkubwa zaidi ili kufidia mwinuko. Hesabu yao ni sahihi, lakini mipira ya maji iliyozeeka na matangi ya plastiki ya rejeta havikuundwa kwa mzigo huo, na kulanti iliyochanganywa vizuri huongeza nyuzi kadhaa bila kumhatarisha mtu.

Kuhusu kulanti, kuna pingamizi lenye ukweli ndani yake: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti. Kwa dakika chache za mashindano hoja hiyo ina uzito. Kwa gari la kila siku haina, kwa sababu maji ya mfereji au ya kisima huleta kutu na magamba ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, hula alumini na kuchakaza pampu ya maji. Kinachopatikana leo kwa ubebaji wa joto hupotea baadaye kwa kuziba.

Wengine watasema baridi ya Eldoret inatosha kupoza injini. Hapa inafaa kupiga hesabu. Hewa ya mwinuko huu ina uzito wa kama asilimia 80 ya hewa ya usawa wa bahari, kwa hiyo feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile hupitisha hewa pungufu kwa moja ya tano. Kwa upande mwingine, hewa ya nyuzi 22 huchukua joto kwa urahisi kuliko ya nyuzi 31, na tofauti hiyo hurudisha sehemu kubwa ya hasara. Mjini mizani inakaribia kulingana. Shida ni kwamba pikapu haikai mjini. Ikishuka kutoka Iten kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio inakuta joto la mchana linaloweza kupita nyuzi 30. Kisha inapanda tena zaidi ya mita 1,000 ikiwa na maembe, gia iko chini na mwendo ni mdogo, hivyo upepo wa mbele hausaidii sana. Hapo kila kitu kinategemea feni.

Na feni ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Pikapu nyingi za dizeli zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Mafuta hayo yakivuja au kuchoka, feni huzunguka kivivu wakati inapohitajika zaidi. Plastiki inayoizunguka feni nayo hufunguliwa wakati wa matengenezo na isirudishwe, kisha feni hufyonza hewa kutoka pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Msimu wa mavuno ya ngano na mahindi Uasin Gishu, makapi hujaa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo jicho halifiki. Halafu mbele kuna chuma kizito cha kinga na taa kubwa zinazoziba njia. Kufunga rejeta nene nyuma ya vizuizi hivyo ni kuongeza ukinzani juu ya ukinzani: safu ya nyuma hupata hewa ambayo tayari imepashwa joto na safu za mbele. Upana wa uso una faida kuliko unene. Feni ya umeme ya kawaida, pamoja na sifa inazopewa, mara nyingi hupitisha hewa kidogo kuliko feni ya klachi iliyo nzima.

Kutoa themostati nako kuna watetezi, na wana ushahidi wao: gari lililokuwa likichemka likaacha. Lakini themostati iliyokwama ikitolewa, kilichotibiwa ni kule kukwama. Mpya ingefanya hivyo hivyo. Bila themostati, asubuhi za baridi za huku injini huchukua muda mrefu kupata joto lake, dizeli huliwa zaidi na silinda huchakaa. Kuna pia injini ambazo themostati hufunga njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na joto huongezeka mlimani.

Bado kuna mtu ambaye rejeta kubwa ni haki yake. Toyota ilipandisha injini ya lita 2.8 ya Hilux kutoka kilowati 130 hadi 150 mwaka 2020, na wapo wanaovuka hapo kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini. Injini ikitoa kilowati 150 kwa ukamilifu, joto linaloingia kwenye maji ni kilowati 100 hivi, na kila nguvu inayoongezwa inakuja na joto lake pale dereva anapoitumia. Anayevuta trela kwa nguvu hizo anahitaji uso mpana zaidi wa rejeta, na kama gia ni za otomatiki anahitaji pia kipoza mafuta cha pekee, maana katika pikapu nyingi mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta ile ile.

Anayetaka kujua kama ni mmoja wao aanze na kifaa kinachosoma nyuzi halisi kutoka kwenye kompyuta ya gari, kwa kuwa mshale wa dashibodi katika magari mengi hutulia katikati ingawa joto limepanda nyuzi nyingi. Mfuniko, kulanti, feni na usafi vikishakamilika, apande Tambach mchana na mzigo wake wa kawaida huku abiria akisoma namba. Joto likipanda kisha likasimama karibu na nyuzi 100, rejeta iliyopo inatosha. Likizidi kupanda kona baada ya kona, apunguze mwendo, apumzishe gari Iten, na aagize rejeta pana.