Msisimko na Mtikiso: Istilahi Mbili za Kemia

Khanga nyekundu ikianikwa juani siku nyingi, iwe Temeke au Kinondoni, rangi yake hupauka. Jambo hilo la kawaida latufungulia mlango wa dhana mbili za kemia ambazo aghalabu huwatatiza wafasiri.

Ya kwanza ni hali ya msisimko. Molekuli ya rangi ikifyonza mwanga, elektroni zake hupanda kutoka hali ya chini hadi hali yenye nishati kubwa zaidi. Rangi tuionayo hutokana na mwanga usiofyonzwa. Molekuli iliyosisimka huweza pia kuingia katika mmenyuko ukaivunja. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupauka.

Ya pili ni njia ya kukokotoa nishati za hali hizo. Mlinganyo alioutoa Schrödinger mwaka 1926 hauna jibu kamili kwa molekuli yenye elektroni nyingi. Kwa hiyo mtaalamu huanza na kielelezo chepesi, kisha hukifanyia masahihisho madogo. Ni kama fundi cherehani akataye nguo mpya kwa kufuata ya zamani, akiongeza hapa na kupunguza pale. Mwaka 1990 Björn Roos na wenzake, huko Lund nchini Sweden, walieleza njia ya namna hii inayoanza na mipangilio mingi ya elektroni kwa pamoja, nayo imetumika sana kwa hali za msisimko.

Je, tuiite nadharia ya msukosuko? Hasha. Msukosuko ni ghasia kubwa, na hapa sharti la kwanza ni udogo. Katika kusahihisha, hugawanywa kwa tofauti ya nishati baina ya hali mbili. Tofauti hiyo ikikaribia sifuri, sahihisho hufura na jibu huharibika. Hali iletayo kasoro hiyo yafaa kuitwa hali dukizi, kwa kuwa huingia isipoalikwa. Wala kosa si dogo: nishati ya kufyonza mwanga ikikadiriwa kuwa elektronivolti 2.2 badala ya 2.5, khanga nyekundu itatabiriwa kuwa ya zambarau.

Kwa hiyo twapendekeza nadharia ya mtikiso. Kitu kilichotikiswa husogea kidogo, hakipinduki. Mwalimu atakayelitumia neno hili atakuwa amekwisha kumdokezea mwanafunzi mpaka wa njia yenyewe, kabla hajaandika mlinganyo wowote ubaoni.