Petroli na Oili: Kwa Nini Mashine ya Boti Hufa Njiani

Safari hii tunaandika kutoka Bwejuu. Siyo Bwejuu ya Unguja, hapana. Ni Bwejuu yetu ya Mafia, kisiwa kidogo ng'ambo ya Kilindoni, upande wa Delta ya Rufiji. Hapa kila kitu huja kwa chombo: unga, sabuni, daftari. Mgonjwa naye huondoka kwa chombo. Kwa hiyo mashine ya boti ikifa, hasara siyo ya mvuvi peke yake.

Tulipofika tulikuta mashine moja imelazwa juu ya gogo la mnazi. Ukivuta kamba haivutiki. Imejamu. Mwenyewe alitueleza mambo yalivyokuwa. Alikuwa akirudi na wenzake watatu kutoka kwenye nyavu, kusi inavuma. Mashine ikaanza kupoteza nguvu. Ikatoa sauti kali, kama chuma kinakwaruza chuma, halafu ikasimama ghafla. Walitandaza turubai wakaligeuza tanga, wakashika na makasia. Usiku ule walilala baharini. Walipopata nchi kavu asubuhi, barafu ilikwisha yeyuka na samaki wameoza. Watu walikuwa wazima, ndilo la kumshukuru Mungu.

Fundi alitoka Kilindoni akaifungua mashine mbele yetu. Alituambia tupitishe kidole ndani ya silinda. Ukuta wa silinda nzima huteleza kama kioo. Huu ulikuwa na mikwaruzo ya kushuka, kama ubao uliochorwa kwa msumari. Ringi za pistoni zilikuwa zimeganda mahali pake.

Fundi akauliza, "Ndugu, oili unapima vipi?"

"Kwa macho. Namimina mpaka petroli igeuke rangi."

Basi tatizo lilikuwa hapo. Siku zote alinunua oili yenye rangi hafifu, na ilimbidi amimine nyingi ndipo petroli igeuke. Mwezi ule duka lilileta oili nyingine, yenye rangi kali ya buluu. Kidogo tu kikageuza dumu zima. Rangi aliiona ileile aliyoizoea, lakini oili ilikuwa chache mno. Rangi ya oili hutiwa kiwandani ili mtu ajue kwamba petroli imekwisha changanywa. Haikuwekwa iwe kipimo.

Kwenye mashine ileile pamebandikwa karatasi yenye maandishi 50:1. Mwenyewe ni mhitimu wa kisomo, akayasoma bila kigugumizi: hamsini, moja. Tulipomuuliza maana yake, alisema alidhani ni namba ya mashine. Ndugu wasomaji, hiyo ni aibu yetu sisi walimu. Tulimfundisha kusoma 50, tukamfundisha kusoma 1, lakini zile nukta mbili katikati hatukumfundisha. Mafia ilikuwa moja ya wilaya 6 zilizopewa kazi ya kufuta ujinga kabla ya mwisho wa mwaka 1971, na wazee wetu walijitahidi sana. Nukta mbili tumeziacha mpaka leo. Tuzisome sasa.

Silinda ni bomba nene la chuma. Ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Mashine ya boti ikienda mbio, krenki huweza kuzunguka mara 5,000 kwa dakika moja, na kila mzunguko pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja. Gawa kwa sekunde 60: ni zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Hesabu "moja", na pistoni imekwisha kwenda na kurudi mara 80. Juu yake petroli inawaka moto. Kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio unaozuia chuma kisishike chuma. Ukikatika, vyuma hukwaruzana, hupata moto, pistoni huvimba kwa joto na kubana ndani ya silinda. Ndiyo kujamu kwenyewe.

Oili hiyo inatoka wapi? Mashine ya gari, na ya pikipiki nyingi za siku hizi, ina oili yake chini, nayo huzunguka tena na tena. Mashine ya kusaga unga ya silinda moja ni vilevile. Katika nyingi za aina hiyo kuna kijiko chini ya konrodi, kinachota oili na kuirusha juu kila krenki inapozunguka. Lakini mashine ndogo za boti tunazoziona hapa, zile za kuchanganya, hazina bwawa la oili chini. Petroli na oili huingia pamoja kupitia kabureta, hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, halafu hupanda silinda. Njiani petroli hugeuka mvuke, oili inabaki ikilowesha beringi, konrodi na ukuta wa silinda. Mwisho nayo huungua na kutoka kama moshi. Hairudi. Kila dakika mashine inataka oili mpya, na hiyo mpya ni ile tu uliyoitia wewe kwenye tangi.

Mpango huu wa kupitisha petroli kwenye chumba cha krenki ni wa Mwingereza Joseph Day, mwaka 1891. Mashine za zamani zilidai oili nyingi kuliko za sasa. Oili zilipoboreshwa na beringi pia, kipimo kikapungua. Yamaha walileta mwaka 1964 pikipiki yenye pampu ndogo ya kupima oili yenyewe, dereva asichanganye. Zipo pia mashine za boti zenye pampu ya namna hiyo. Lakini nyingi za wavuvi wetu ni za kuchanganya kwa mkono, kwa hiyo pampu ni wewe.

Sasa nukta mbili. 50:1 maana yake ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Lita 50 za petroli, lita 1 ya oili. Wengi wetu hatununui lita 50, tunanunua dumu la lita 20. Chukua daftari. Lita 1 ni mililita 1,000, kwa hiyo lita 20 ni mililita 20,000. Gawa kwa 50, unapata 400. Dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili. Lita 10 zinataka 200. Tangi la lita 25 linataka 500, yaani chupa moja kamili ya nusu lita, kama ile ya maji ya kunywa.

Kipimo cha 400 utakipata wapi? Nunua bomba la sindano la mililita 10 kwenye duka la dawa. Pima maji mara 40 ndani ya chupa safi ya plastiki, kata alama kwa kisu pale maji yalipofika, halafu mwaga maji na uikaushe chupa vizuri. Ni kazi ya mara moja tu. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu, mama anayekaanga samaki, alihesabu haraka kuliko wanaume wote, kwa sababu mafuta anayapima kila siku.

Lakini soma kwanza karatasi ya mashine yako. Siyo zote ni 50:1. Mashine nyingi zikiwa mpya, au silinda ikiwa imechongwa upya, hutaka 25:1 kwa saa 10 za mwanzo, bila kukimbizwa. Hapo dumu la lita 20 linataka mililita 800. Ringi na ukuta bado havijazoeana.

Soma na chupa ya oili. Kwa mashine ya boti tafuta herufi TC-W3. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la maji, maana mashine hizi hupozwa kwa maji. Oili ya gari haifai kuchanganywa na petroli, hata kama ni nzuri kwa gari. Ina dawa zinazoacha majivu zikiungua, na majivu hayo hukaa juu ya pistoni na kwenye plagi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ndiyo mbaya kabisa, ina vumbi la chuma ndani yake. Tumeiona ikiuzwa kwa chupa, na bei yake inavutia. Usiinunue.

Kuchanganya nako kuna namna yake. Mtu akijaza petroli mpaka juu, halafu akamimina oili na kuondoka, oili inaweza kukaa chini. Mashine itavuta kwanza uzito, baadaye itavuta petroli tupu. Tia petroli nusu, tia oili yote, funga, tikisa sana, kisha malizia petroli. Kama tangi limelala usiku, litikise tena kabla ya kuondoka. Fanya hayo mbali na moto na sigara.

Kuna ndugu waliotuambia, basi tutazidisha oili tuwe salama. Hapana. Oili ikizidi, plagi huchafuka na kugoma, masizi hugandisha ringi na kuziba njia ya moshi. Tena oili inayobaki bila kuungua hutoka na moshi majini, palepale penye majani ya bahari na samaki wetu.

Jambo linalowadanganya hata wazoefu ni hili. Unaweza kupima sawasawa na silinda ikajamu bado. Katika mashine hizi petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Uchafu ndani ya kabureta, au mpira wa petroli uliopasuka na kuvuta hewa, utakausha silinda. Mashine inaweza hata kwenda kwa kasi ya ajabu kwa muda mfupi, mwenyewe akafurahi, kumbe inajiua. Ukisikia imepanda sauti yenyewe bila kuongezwa, punguza mara moja, usimame na utazame.

Na tazama maji. Kila mashine ikiwaka sharti ikojoe, ule mchirizi wa maji nyuma. Hapa Bwejuu tunapita kwenye maji ya kina kidogo, pampu inavuta mchanga, na lile pangaboi la mpira ndani yake linalika. Mkojo ukipungua au ukitoka mvuke, zima. Silinda isiyopozwa huunguza utando wa oili hata ungekuwa umetia kipimo kamili.

Mashine ikizama, usiiache ikauke juani. Toa plagi, mwaga maji yote, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tia oili ndani ya silinda na uizungushe kwa mkono, kisha mpelekee fundi siku hiyohiyo. Chumvi na hewa hula ukuta wa silinda upesi. Vivyo hivyo unapoiweka mashine ndani majuma mengi wakati wa kusi: kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye kila tundu la plagi, izungushe polepole, rudisha plagi.

Tulifanya hesabu moja ya mwisho pamoja na mwenye mashine. Kwa kupunguza nusu ya oili, mtu anaokoa mililita 200 katika kila dumu. Madumu 5 yanampa lita 1 ya oili. Tukaandika upande mmoja wa ubao bei ya lita hiyo moja. Upande wa pili tukaandika pistoni, ringi, kuchonga silinda, ujira wa fundi, nauli ya kufuata vipuri Dar es Salaam, na siku za kukaa bila kuvua. Tulipofika kwenye siku za kukaa bila kuvua alituomba tusijumlishe.

Silinda imekwisha chongwa na pistoni mpya imeingia. Chupa ya kupimia imefungwa kwa kamba ya nailoni kwenye mkono wa tangi. Ina alama mbili, 400 na 800. Kwa sasa anajaza mpaka 800, na kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la kisomo anaandika saa za kila safari. Juzi alikuwa amefika saa 6 na nusu.