Chokaa ijengayo na chokaa iumizayo: Kutoka Lambwe hadi matumbawe ya Pwani

BONDE la Lambwe, lililolala kati ya milima ya Gwasi na genge la Kanyamwa karibu na mwambao wa Ziwa Victoria, hujulikana na Wakenya wengi kwa mambo mawili: mbung'o walioeneza malale huko kwa miaka mingi, na Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambayo ndiyo mahali pekee nchini wanapopatikana wale swala wakubwa waitwao korongo. Jambo la tatu halisemwi sana. Milima iliyoko magharibi mwa bonde hilo ni mabaki ya volkeno kuu ya Kisingiri, iliyolipuka mara kwa mara takriban miaka milioni 18 iliyopita, na majivu yake yalisheheni chokaa.

Volkeno za namna hiyo ni chache. Nyingi hutapika miamba yenye asili ya silika, ile ile ipatikanayo katika mchanga na kioo. Kisingiri, ambayo kitovu chake ni vilima vya Rangwa, ilitoa pia miamba ya kaboneti. Siku hizi ni volkeno moja tu duniani iliyo hai ambayo hutoa lava ya kaboneti, nayo ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania.

Majivu ya Kisingiri ndiyo yaliyovipa umaarufu visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kwa kawaida mnyama akifia msituni mifupa yake haidumu, kwa kuwa maji ya udongo wa msitu yana asidi inayoiyeyusha. Katika eneo hili majivu yaliiua asidi hiyo, na chokaa iliyoyeyuka ikapenya ndani ya mifupa, mbegu, magamba ya konokono na hata viwiliwili vya wadudu, kisha ikaganda humo. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua huko Rusinga fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeitwa Proconsul, ambaye tangu mwaka 2015 wataalamu humwita Ekembo.

Hata hivyo, mifupa hiyo ilikuwa na madini yake yenyewe kabla ya majivu kuifunika. Kila kiumbe mwenye mfupa, jino au gamba ni mwashi, na hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Kutengeneza jiwe ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuliamuru ligande wapi na likome wapi.

Madini ya mwanadamu na ya konokono hayafanani kabisa, ingawa yote yana kalsiamu. Mfupa na jino hujengwa kwa fosfati ya kalsiamu. Gamba la konokono, la kome na la chaza, pamoja na matumbawe, hujengwa kwa kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa hasa. Atakaye kuiona tofauti hiyo na adondoshe siki kali juu ya gamba la konokono lililosagwa: litatoa povu. Mfupa hautachemka hivyo.

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Asilimia moja iliyobaki ni ndogo lakini haina mchezo, kwani moyo haupigi, misuli haikazi wala damu haigandi jerahani bila hiyo. Kwa sababu hiyo mwili huichukulia mifupa kama ghala. Tezi nne ndogo zilizo shingoni hupima kalsiamu ya damu wakati wote. Ikipungua, hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachilie sehemu ya akiba yake. Kuna seli za kubomoa mfupa na seli za kuujenga upya, na kila mwaka karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya. Jino halina bahati hiyo. Tabaka lake la nje, lililo gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, halina seli hai, hivyo likitoboka halijijengi tena. Kwa upande mwingine, ugumu huo hulifanya lidumu: huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, wachimbaji walipata magego mawili ya kiumbe wa jamii ya Paranthropus pamoja na zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 2023.

Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, akiba ya mifupa huletwa mezani na omena. Samaki huyo mdogo huliwa mzima, mifupa kwa nyama, na kalsiamu iliyojenga uti wake ndiyo hujenga mifupa ya mtoto amlaye. Odowa, lile jiwe laini linalouzwa sokoni na kupendwa sana na wanawake wajawazito, halina sifa hiyo ijapokuwa wengi huamini hivyo. Huo ni udongo wa mfinyanzi. Huweza kuzuia tumbo lisifyonze madini ya chuma ambayo mjamzito huyahitaji mno, na mara nyingine udongo unaoliwa huwa na mayai ya minyoo.

Swali linalofuata ni kwa nini sehemu nyingine za mwili zisigeuke jiwe. Damu hubeba kalsiamu na fosfati kwa kiwango ambacho, pasipo kizuizi, kingeelekea kuganda. Kizuizi kipo. Damu na kuta za mishipa zina protini ambazo kazi yake ni kuzuia chembe za madini zisikue mahali pasipostahili. Mojawapo haifanyi kazi bila vitamini K, ipatikanayo katika mboga za majani kama sukuma wiki na mnavu.

Ulinzi huo ukidhoofika, mawe hutokea penye ulaini. Kwa wazee, wagonjwa wa kisukari na hasa wale ambao figo zao zimeshindwa kazi, seli za misuli ya ateri huweza kubadilika tabia na kuanza kutenda kama seli za mfupa. Mshipa uliokuwa ukitanuka na kunywea kila moyo unapopiga hukakamaa. Wanaolaumu glasi ya maziwa hukosea shabaha, kwani chanzo ni kuvurugika kwa ulinzi. Tena si kila chokaa iliyoganda ni adui: mapafuni, mwili huweza kulizungushia ukuta doa la kifua kikuu, na ukuta huo ukijaa chokaa huonekana katika picha ya eksirei kama nukta nyeupe, kovu la vita vilivyokwisha zamani.

Baharini ujenzi huo hufanywa kwa kiwango kinachoshinda akili. Kiumbe wa tumbawe ni mdogo na laini kama kamasi. Chini ya ngozi yake kuna nafasi nyembamba ambamo huingiza kalsiamu ya maji ya bahari na kuondoa asidi, mpaka chokaa ikubali kuganda. Vizazi kwa vizazi vya viumbe hao ndivyo vilivyojenga mwamba uliochongwa mawe ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na mawe ya nyumba za kale za Lamu. Saruji ya Bamburi nayo ilianza kutengenezwa mwaka 1954 kwa mawe ya matumbawe ya kale.

Kazi ya kuondoa asidi inazidi kuwa ngumu. Hewa ya ukaa itokayo viwandani na katika magari huyeyuka baharini na kuwa asidi. Tangu enzi ya viwanda ianze, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Mabadiliko hayo huonekana madogo, lakini maana yake ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30. Jambo hili lisichanganywe na lile la mwaka 1998, ambapo joto la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania. Joto humuua mwashi. Asidi humnyima saruji.

Mwashi wa Ziwa Victoria ni konokono, na ndiye anayewahusu zaidi watu wa Homa Bay na Migori. Konokono bapa ambaye gamba lake limejisokota kama kamba iliyokunjwa hukusanya kalsiamu kidogo kidogo kutoka kwa maji na majani anayokula. Ndani ya gamba hilo hukulia vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka majini na kupenya ngozi ya mtoto anayeogelea, mama anayefua au mvuvi anayevuta wavu.

Kichocho cha ziwani hushambulia zaidi utumbo na ini. Mnyoo jike hutaga mamia ya mayai kwa siku, na sehemu kubwa ya mayai hayo haitoki nje na choo bali hukwama mwilini. Mwili huyazingira, makovu hutokea, na mayai yaliyokufa huweza kugeuka chokaa. Aina ya pili ya kichocho imeenea zaidi Pwani, kama vile Kwale na Tana River, nayo hupendelea kibofu cha mkojo. Ikikaa miaka mingi bila tiba, ukuta wa kibofu hujaa mayai yenye chokaa hata huonekana katika eksirei kama mstari mweupe. Kwa wanawake mayai hayo huacha sehemu za uzazi mabaka yanayofanana na mchanga, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa zinaa. Chokaa hiyo haiozi upesi: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba ameyakuta mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa katika figo za maiti mbili za Misri ya kale, zilizokaushwa takriban miaka 3,000 iliyopita.

Dawa iitwayo prazikwanteli huwaua minyoo wakubwa. Haiyeyushi mayai yaliyokwisha kuwa mawe. Mtoto anayetibiwa mapema, makovu yake yakiwa bado machanga, ana nafasi nzuri ya kupona kabisa, ilhali mtu mzima aliyezoea kukojoa damu na kuiona kuwa desturi ya ujana huweza kubaki na kibofu kigumu hata minyoo ikiisha. Kwa miaka mingi kampeni za dawa zilipitia shuleni, na watoto wasiofikia umri wa shule wakaachwa, ingawa hao ndio hukaa majini mgongoni na kiunoni mwa mama zao. Kidonge kilichotengenezwa kwa ajili yao, ambacho huyeyushwa katika maji, kilijaribiwa nchini Kenya na Kodivaa. Mnamo Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilikitolea maoni ya kukiunga mkono kwa watoto wa kuanzia umri wa miezi mitatu.