Yoga ya joto hapa Bukavu: tapi gani, taulo gani, na joto litoke wapi?



Juzi mdogo mmoja wa ISP alinisimamisha pale Feu Rouge. Aliona tapi yangu imekunjwa begani, akaniuliza bila kuzunguka: «Yaya, niko na dola makumi mbili tu. Nataka kuanza ile yoga yenu ya jasho. Ninunue tapi ama taulo?» Mimi nilikuwa na haraka, mvua inakuja. Nikamjibu: «Nunua tapi, taulo utaazima.» Nikapanda moto, nikaenda zangu.

Usiku nikajua nimemjibu vibaya. Katika mazoezi ya jasho taulo ni la mtu mmoja, haliazimwi. Tena mara nyingi ni taulo linalokuzuia usianguke, si tapi. Basi naandika kumsahihishia yeye, na wengine ambao watatoa pesa ya kwanza ya stage yao kwa kitu wasichokijua.

Kwanza tuelewane juu ya yoga ya joto yenyewe. Ile iliyovuma zaidi duniani ilipelekwa Marekani miaka ya 1970 na Bikram Choudhury, mtu wa Kolkata, India. Ni mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi, kwa dakika 90, katika chumba kilichopashwa joto hadi nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na unyevu wa asilimia 40. Alitaka mpangilio ule uwe mali yake kisheria, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa huko Marekani ilisema mfululizo wa mikao haulindwi na haki ya mtunzi. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuufundisha. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, watu wengi wameijua yoga kupitia Nairobi, ambako Africa Yoga Project ilianza mwaka 2007 na imefundisha vijana wa mitaa kuwa walimu. Huko kwa kawaida ni yoga ya jasho la mwendo tu, bila chumba cha kupashwa joto.

Sasa Bukavu. Sisi tunaishi kwenye mita 1,500 hivi, juu ya ziwa, na joto letu la kila siku linazunguka nyuzi 20. Asubuhi pale Muhumba mtu bado anavaa koti. Nyuzi 40 tutazitoa wapi? Mashine ya kupasha chumba inataka umeme, na kila mmoja anajua umeme wa kwao unakujaga saa ngapi.

Hapa niwaambie kitu ambacho nilikuwa nimepanga kukiweka mwisho, lakini bora nikiseme mapema. Kikundi chetu kilipoanza, tulikuwa sita katika saluni ya nyumba moja, na mmoja wetu akapata wazo: tulete mbabula mbili za makala, tufunge madirisha, tufanye kama wale wa kwenye video. Tukafanya. Dakika kama makumi tatu, chumba kilikuwa kitamu kweli, jasho linatiririka. Kisha kichwa kikaanza kunigonga upande wa mbele, nikafikiri ni njaa. Dada mmoja akasema anasikia kutapika. Mwingine akakaa chini katikati ya mkao, akacheka, akasema miguu imekuwa kama ya mtu mwingine. Tuliokolewa na mama mwenye nyumba, aliyefungua mlango kuchukua sahani. Alituona, akapiga kelele: «Munataka kufia mu nyumba yangu?» Akatufukuza wote nje, kwenye ubaridi, na ile mbabula akaitoa yeye mwenyewe.

Makala yakiwaka mahali hewa haiingii vizuri hutoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho kama moshi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Na mtu wa yoga ndiye anayevuta pumzi ndefu kuliko wote chumbani. Sisi watu wa Kivu tunayajua mazuku, ile hewa mbaya inayolala kwenye mabonde upande wa Goma na Sake na kuua mbuzi na watu. Ile ni gesi nyingine, dioksidi ya kaboni, nzito, inakaa chini. Hii ya makala inachanganyika na hewa ya chumba kizima, hivyo kusimama hakukusaidii. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija kwa watu wawili pamoja, tokeni nje. Musimalize mkao.

Tangu siku ile sisi tunatumia joto la bure: chumba chenye paa la bati bila plafo, saa saba ya mchana, kiangazi, dirisha moja wazi. Sijawahi kupima, lakini nguo zinakamuka. Na hapo ndipo mambo ya tapi yanapoanza.

Tapi ya yoga si godoro. Kazi yake ya kwanza ni kushika: ishike sakafu chini, na ishike kiganja na nyayo zako juu. Ulaini ni kazi ya pili. Madukani hapa utakutana mara nyingi na zile nene za musi, sentimeta moja au moja na nusu, rangi nzuri, na kamba ya kubebea. Zinavutia mkono. Kwa mazoezi ya tumbo, ukiwa umelala, hazina neno. Lakini simama juu yake kwa mguu mmoja: mguu unazama, kifundo kinacheza, na jasho likimwagika inakuwa kama sabuni. Kwa yoga tafuta unene wa milimeta 3 hadi 5. Urefu wa kawaida ni sentimeta 173, upana 61. Kama wewe ni mrefu, ziko za 183. Lala juu yake palepale dukani, usione haya. Muuzaji ameona makubwa kuliko hayo.

Baada ya unene, uliza imetengenezwa na nini. Nyingi ni za plastiki, PVC. Zinadumu miaka, jasho haliingii ndani, unazipangusa tu kwa kitambaa. Ubaya wake ni huohuo: jasho lisipoingia linabaki juu, na unateleza. Ziko nyepesi za TPE, zinazofaa kubeba kwa mguu kutoka Nguba hadi Nyawera, ila haziishi sana. Ziko pia zenye gamba la koki juu, ile ya vifuniko vya chupa za divai. Hiyo ina tabia ya ajabu, ikilowa inashika zaidi. Mimi nimeiona mara moja tu, kwa rafiki aliyerudi kutoka Ubelgiji.

Na kuna mpira wa asili. Huu ndio unaoshika vizuri kuliko yote niliyojaribu. Ni mzito, tapi ya milimeta 5 inafika karibu kilo mbili na nusu, inanuka miezi ya kwanza, na inakunywa jasho. Ukiusahau juani unakauka na kupasuka, na mtu mwenye aleji ya latex asiuguse. (Kila nikishika mpira nafikiri juu ya babu wa babu zetu. Mpira wa utomvu wa mimea ya kutambaa ya msituni ndio uliojaza mali ya Léopold II katika ile nchi iliyoitwa huru, 1885 hadi 1908, na watu walilipa kwa mwili wao. Leo unarudi kwetu umekunjwa, una bei ya dola 60, na umeandikwa neno la «amani» kwa lugha ya kigeni. Mimi hilo bado linanikaa vibaya. Tuendelee.)

Dukani fanya hivi. Nenda na chupa ndogo ya maji. Lowesha kiganja, kiweke juu ya tapi, egemea kwa uzito wako kama unasukuma mkokoteni. Mkono ukikimbia, basi ujue ndivyo utakavyokimbia siku ya jasho. Kisha tapi iweke chini kwenye simenti, uisukume kwa mguu, uone kama inakunjana. Ibane kwa vidole viwili mpaka vinakaribia kugusana. Ikichelewa kurudi, ni musi. Mimi wa kwanza niliinunua bila kufanya lolote kati ya haya. Muuzaji aliniambia: «Hii ni ya Dubai, yaya, haiwezi teleza.» Ilinitelezesha wiki ya kwanza, nikapiga kidevu chini. Alama iko hadi leo.

Taulo sasa, ambalo watu wanalidharau. Unahitaji mawili, moja dogo la uso na moja refu linalofunika tapi nzima. Lile refu ndilo linalogeuza tapi ya bei ya chini kuwa tapi ya yoga ya joto. PVC ya milimeta 4 pamoja na taulo zuri vitakushika kuliko tapi ya bei kali iliyo wazi.

Taulo la pamba tulilokulia nalo linanyonya vizuri, lakini chini ya miguu linajikunjakunja, likilowa linakuwa zito kama mtoto, na kukauka ni kesho. Mikrofaiba ni nyembamba, kawaida ni poliesta na poliamidi. Inanyonya haraka na kukauka haraka. Siri yake, ambayo hakuna aliyeniambia, ni kwamba ikiwa kavu inateleza, ikilowa kidogo inashika. Kwa hiyo kabla ya kuanza nyunyizia maji upande wa mikono na upande wa miguu. Usingoje jasho lifanye kazi hiyo, maana mkao wa kwanza wa mikono huja kabla ya jasho. Yako yenye nukta za silikoni chini. Nukta zikae upande wa tapi, si upande wako. Usicheke, nimeona.

Na kikwembe? Wengi wananiuliza, kwa kuwa kila nyumba kiko. Kwa kujifunika wakati wa kupumzika mwishoni hakuna kizuri zaidi, maana jasho likipoa hapa kwetu unasikia baridi. Kwa kusimamia, hapana. Pamba laini juu ya plastiki ni kama barafu.

Usafi ndio unaoleta ugomvi katika vikundi. Taulo lenye jasho likikunjwa kwenye mfuko usiku mmoja, asubuhi unajua mwenyewe. Fangasi wa ngozi, yale mabaka ya mviringo yanayowasha, hupita kwa taulo na kwa tapi zinazoazimana. Ndiyo maana nimesema haliazimwi. Fua kwa sabuni kidogo na maji ya kawaida. Mikrofaiba usiipige pasi ya moto na usiitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi zake na haitanyonya tena. Tapi ipanguse kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha ianikwe kivulini. Najua maji yenyewe wengine tunayapandisha kwa bidon kutoka bondeni. Taulo la mikrofaiba linatosheka na nusu ya beseni, na hiyo peke yake kwangu ilitosha kuacha pamba. Halafu kuanzia Septemba hadi Mei mvua haituachi: taulo la pamba kwenye kamba linaweza kukaa siku mbili na bado linanuka. Lile jembamba ninalitundika juu ya mlango, asubuhi limekauka.

Kunywa maji kabla na baada. Ukitoka na kizunguzungu au misuli inakaza, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe polepole. Mwenye mimba, mwenye shida ya moyo au presha, asianze joto kabla ya kuongea na daktari.

Nirudi kwa mdogo wetu na dola zake makumi mbili. Nilimtafuta kesho yake nikamkuta tayari amekwisha kununua, kwa kunisikiliza, ile nene ya musi, dola 13. Sikuwa na la kusema. Tulienda pamoja Kadutu, kwenye nguo za balo, tukapekua nusu saa, tukapata taulo refu la mikrofaiba, la michezo, halina tundu: franka elfu nane baada ya kubishana. Nyumbani tulikata kipande cha ile musi, ukubwa wa daftari mbili, akiweke chini ya magoti. Kwa sasa anatandika taulo lake juu ya tapi yangu ya zamani ya PVC, ile iliyonipasua kidevu, na haijamtelezesha. Ile musi iliyobaki mama yake ameichukua, anakalia sokoni.